Leopold Mozart, Baba na Mwalimu wa Mwanawe

Katika kitabu hiki cha jubilei msomaji atakuta habari za maaskofu na mapadre, za mabruda na masista, na za wakatekista wa kwanza waliotembea kwa miguu kupeleka Neno la Mungu vijijini. Sisi tumeona vema kuongeza habari za mtu wa namna nyingine: baba wa nyumba, mwenye mke na watoto, aliyekula mkate wake kwa kazi ya muziki katika kanisa la askofu. Hakuwa mtakatifu, wala Kanisa halikupata kumhesabu miongoni mwa wenye heri. Lakini alipewa mtoto ambaye kipawa chake kilimpita mwalimu wake, na mwalimu wake alikuwa ni yeye baba. Jinsi alivyokitambua kipawa kile, jinsi alivyokilea, na jinsi ilivyomwia vigumu kukiachilia mwishowe, ni mambo yanayowahusu wazazi wote na waalimu wote. Jina lake ni Leopold Mozart, na mwanawe ni Wolfgang Amadeus Mozart, ambaye Misa zake zaimbwa hata leo katika makanisa ya nchi nyingi.

Ujana wake

Leopold alizaliwa tarehe 14 Novemba 1719 katika mji wa Augsburg, huko Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Mtoto aliwekwa katika shule ya mapadre Wajesuiti, akaimba pamoja na watoto wa kwaya, akajifunza kupiga kinanda na fidla, ndiyo zeze la Kizungu. Watu wake walitumaini kwamba siku moja atakuwa padre. Mwaka 1737 akaenda Salzburg kusoma katika chuo kikuu cha mapadre Wabenedikto. Mwanzoni alisoma vizuri, lakini baadaye akaacha kuhudhuria mafundisho, na mwaka 1739 akafukuzwa. Basi akaingia katika utumishi wa mmoja wa mapadre wakubwa wa kanisa kuu, mtu wa ukoo bora, akimhudumia nyumbani na kumpigia muziki.

Yafaa wasomaji wajue kwamba Salzburg siku zile haukuwa mji kama miji mingine. Askofu Mkuu wake alikuwa mchungaji wa roho, tena mtawala wa nchi, mwenye kodi, askari na mahakama. Wapiga muziki walikuwa watumishi wake. Walipokea mshahara kwake, wakapiga katika Misa kanisani, na tena katika kasri yake mbele ya wageni. Mwaka 1743 Leopold alipokewa miongoni mwao, akiwa mpiga fidla wa nne. Alipanda cheo polepole kwa bidii, hata mwaka 1763 akawa msaidizi wa mkuu wa muziki. Na ukuu wenyewe hakuupata kamwe.

Mwaka 1747 alimwoa Anna Maria Pertl. Walijaliwa watoto saba, na watano kati yao walikufa wangali wachanga. Waliosalia ni wawili tu: binti, Maria Anna, aliyezaliwa mwaka 1751, ambaye nyumbani waliita Nannerl, na yule wa saba, mwana wa kiume, aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1756. Kesho yake alibatizwa katika kanisa kuu. Akapewa jina la Mtakatifu Yohane Krisostomo, kwa kuwa siku ile ya kuzaliwa kwake ndiyo iliyokuwa sikukuu ya mtakatifu huyo. Akapewa na jina la Wolfgang, na tena Theofilo, ambalo kwa Kilatini ni Amadeus, na maana yake ni mpenda Mungu. Mama aliyezika watoto watano, na baba aliyechukua majeneza matano madogo, hawamtazami mtoto wa saba kama majirani wanavyomtazama. Jambo hili tulikumbuke tutakapoona baadaye baba huyu akimshika mwanawe kwa mkono mzito.

Katika mwaka ule ule wa 1756 Leopold alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kupiga fidla. Kitabu hicho kilipendwa sana, kikafasiriwa katika lugha nyingine za Ulaya. Basi Mungu alipomkabidhi mtoto yule, hakumkabidhi kwa mtu asiyejua kazi. Alimkabidhi kwa mwalimu.

Kitabu cha Nannerl

Mwaka 1759 Leopold alianza kumtengenezea Nannerl kitabu cha nyimbo fupi za kinanda, akiziandika nota kwa mkono wake, nyepesi kwanza, ngumu baadaye. Binti alijifunza upesi akapiga vizuri sana. Ndugu yake mdogo, mwenye miaka mitatu, alikaa karibu akisikiliza. Dada alipoondoka kinandani, yeye alipanda, akatafuta sauti mbili zinazopatana, na alipozipata alifurahi mno, akazirudia tena na tena.

Baba aliona. Wazazi wengi huona mambo ya namna hii wasiyaweke moyoni, kwa kuwa kazi ni nyingi na mtoto ni mdogo. Leopold aliyaandika. Katika kitabu kile kile cha Nannerl, chini ya wimbo mmoja, aliandika kwamba Wolfgang aliujifunza tarehe 24 Januari 1761, siku tatu kabla ya kutimiza miaka mitano, kati ya saa tatu na saa tatu na nusu ya usiku. Siku mbili baadaye akaandika tena kwamba mtoto amejifunza wimbo mwingine kwa nusu saa. Wasomaji waitazame saa ile. Baba amekwisha kutoka kazini, huenda amechoka. Mtoto wa miaka minne ilimpasa awe amelala. Lakini mtoto alitaka, na baba akakaa naye. Mwaka huohuo Wolfgang akaanza kubuni nyimbo zake mwenyewe kinandani, na baba akaziandika, maana mtoto alikuwa hajajua kushika kalamu sawasawa.

Habari nyingine twaijua kwa Bwana Schachtner, mpiga tarumbeta wa Askofu Mkuu na rafiki wa nyumba ile, ambaye miaka mingi baadaye, mwaka 1792, alimwandikia Nannerl yale aliyoyakumbuka. Siku moja Leopold na rafiki yake walirudi kutoka ibadani wakamkuta Wolfgang, yapata miaka minne, anashughulika na kalamu. Baba akamwuliza afanyalo. Mtoto akajibu kwamba anatunga wimbo mkubwa wa kinanda, na sehemu ya kwanza imekaribia kwisha. Baba akaomba auone. Karatasi ilijaa madoa, kwa sababu mtoto alichovya kalamu hata chini ya kidau, na kila tone lilipoanguka alilipangusa kwa kiganja akaandika juu yake. Watu wazima wawili wakacheka. Kisha Leopold akaacha kucheka, akaanza kuzisoma nota zilizokuwa chini ya madoa. Akanyamaza muda mrefu akiikazia macho ile karatasi, na machozi yakamtoka. Akamwonyesha rafiki yake jinsi kila kitu kilivyopangwa sawasawa kwa kanuni. Ila ulikuwa wimbo mgumu mno, hapana mtu angeweza kuupiga.

Hapa twapenda waalimu watulie kidogo. Wapo waalimu wanaoona madoa, na wapo wanaosoma chini ya madoa. Leopold naye alicheka kwanza, kwani alikuwa mtu kama sisi. Lakini hakuishia katika kucheka.

Wala hakuwa mwenye hekima katika mambo yote. Mtoto wake aliogopa sana sauti ya tarumbeta inapopigwa peke yake. Leopold alitaka kumwondolea woga ule kwa nguvu, akamwamuru Schachtner ampigie tarumbeta karibu, ijapokuwa mtoto alikataa. Sauti ilipotoka, mtoto aligeuka rangi akaanza kuinama chini. Na kama rafiki yule angaliendelea, bila shaka angalishikwa na kifafa. Sikio lililo jepesi kwa mazuri ni jepesi kwa maumivu pia, na mwalimu asiyekumbuka hayo huumiza anapodhani anajenga.

Fidla ya pili

Mwaka 1762 Leopold aliomba ruhusa kwa Askofu Mkuu, akawachukua watoto wake wawili, kwanza Munich, kisha Vienna. Njiani, katika mji mdogo wa Ybbs, mtoto aliingia katika kanisa la Wafransisko akapiga kinanda kikubwa. Watawa walikuwa mezani na wageni wao, wakaacha chakula wakaja kumsikiliza kwa mshangao mkubwa. Tarehe 13 Oktoba watoto walipiga mbele ya Malkia Maria Theresa katika jumba la Schönbrunn, na Wolfgang akamrukia Malkia mapajani, akamkumbatia na kumbusu. Wakapewa sarafu 100 za dhahabu na nguo za watoto wa kifalme. Siku chache baadaye mtoto akashikwa na homa na uvimbe mwekundu miguuni, akalala kitandani zaidi ya juma moja. Furaha na ugonjwa zilikwenda pamoja namna hiyo katika safari zao zote.

Waliporudi Salzburg, Wolfgang alikuwa na fidla ndogo aliyopewa Vienna. Siku moja mpiga fidla mmoja alikuja nyumbani pamoja na Bwana Schachtner, ili wapige na Leopold nyimbo mpya sita za vyombo vitatu. Mtoto akaomba apige fidla ya pili. Baba akakataa, kwa kuwa hajafundishwa. Mtoto akasema kwamba kupiga fidla ya pili hakuhitaji kufundishwa. Baba akakasirika, akamwambia atoke. Mtoto akaondoka akilia kwa uchungu na fidla yake mkononi. Schachtner akamwonea huruma, akaomba aachwe apige pamoja naye. Leopold akakubali kwa shingo upande, akamwagiza apige polepole asisikike, la sivyo atatolewa.

Wakaanza. Baada ya muda kidogo Schachtner aliona kwamba yeye mwenyewe hana kazi pale. Akaiweka fidla yake chini kimya kimya, akamtazama baba wa mtoto. Leopold alikuwa akiendelea kupiga, na machozi yalimtiririka mashavuni. Nyimbo zote sita mtoto akazipiga hivyo.

Baba aliyeandika kitabu cha kuwafundisha watu fidla alikuwa ameona mtoto anayeipiga kabla hajafundishwa na mtu. Mtu mwingine angeona wivu, au angejivuna. Leopold alilia, na tangu siku zile aliliona jambo hili kuwa kazi aliyopewa na Mungu. Miaka michache baadaye alimwandikia rafiki yake kwamba yampasa kuutangazia ulimwengu mwujiza ambao Mungu ameuzalisha Salzburg, asije akawa mtu asiye na shukrani.

Safari kubwa

Tarehe 9 Juni 1763 jamaa nzima, baba, mama na watoto wawili, waliondoka Salzburg kwa gari la farasi. Hawakurudi hata tarehe 29 Novemba 1766. Walipita miji ya Ujerumani, wakafika Brussels, Paris, London na Uholanzi. Watoto walipiga mbele ya Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa na Mfalme George wa 3 wa Uingereza. Huko Paris nyimbo za kwanza za Wolfgang zilipigwa chapa mwaka 1764. Huko London alisaidiwa na Johann Christian Bach, mtoto wa yule Bach mkuu, na mwaka 1765 mtaalamu mmoja Mwingereza, Daines Barrington, akamjaribu kwa nyimbo asizopata kuziona, akatoa taarifa yake kwa chama cha wataalamu wa nchi ile.

Hatuwezi kusimulia utukufu huo tu na kuacha gharama yake. Wakuu wengi walitoa saa za mfukoni na vijaluba vya tumbaku ya kunusa, navyo havilipi nauli wala nyumba ya wageni. Huko London, watu walipokwisha kuwazoea, Leopold alitangaza gazetini mwezi wa Julai 1765 kwamba watoto watapiga kila siku katika nyumba moja ya vinywaji, tangu saa sita mchana hata saa tisa, kwa shilingi mbili na nusu kila mtu. Watapiga pamoja kinanda kimoja kilichofunikwa kitambaa, wasione mahali pa kuweka vidole. Nannerl alikuwa na miaka 13 na Wolfgang 9. Je, baba alikuwa akiutangaza mwujiza wa Mungu, au alikuwa akiuuza? Sisi twaona kwamba yalikuwamo yote mawili, na yeye mwenyewe pengine hakuweza kuyatenganisha. Mzazi yeyote aliyepata kumsimamisha mtoto wake mbele ya watu ajiulize vilevile.

Mwaka huohuo, huko The Hague, Nannerl alishikwa na homa kali ya matumbo, akadhoofika hata akapewa Mpako Mtakatifu. Baba na mama wakamkesha kwa zamu. Alipoanza kupona, Wolfgang naye akaugua, akakonda hata akabaki ngozi na mifupa. Leopold akaandika Salzburg kuomba Misa zisomwe kwa ajili yao. Huko Paris mwaka 1764 watu walikuwa wamemshauri mwanawe achanjwe kwa usaha wa ndui, kama ilivyofanywa siku zile kwa hatari. Akakataa, akisema anamwachia Mungu. Mwaka 1767 ndui ilizuka Vienna walipokuwa huko. Wakakimbilia Olomouc, na huko Wolfgang akaugua ndui, siku tisa asione kwa macho. Mkuu wa kanisa kuu la mji ule aliwapokea nyumbani kwake, ingawa alijua ugonjwa wenyewe. Watoto wote wawili wakapona. Ugonjwa huo ulitangazwa mwaka 1980 kuwa umekwisha duniani. Lakini katika siku za Leopold kila baba aliyesafiri na watoto alisafiri nao.

Roma

Mwezi wa Desemba 1769 baba na mwana waliondoka wawili tu, kwenda Italia. Mama alibaki nyumbani, na Nannerl pia. Alikuwa na miaka 18, na kwa desturi ya siku zile msichana wa umri huo hakuwa tena wa kuonyeshwa kwa kinanda, bali wa kungoja kuolewa. Alikuwa amepiga mbele ya wafalme sawa na ndugu yake. Mwaka 1770 Wolfgang aliandika kutoka Roma akiusifu wimbo ambao dada yake aliutunga. Na wimbo huo haukuhifadhiwa. Mwalimu mmoja, kitabu kimoja, kinanda kimoja. Lakini mlango ulifunguliwa kwa mmoja ukafungwa kwa mwingine. Leo kwaya zetu zimejaa mabinti, basi habari za Nannerl zisisomwe haraka.

Waliingia Roma siku ya Jumatano katika Juma Takatifu, tarehe 11 Aprili 1770. Katika kikanisa cha Sistina walisikia Zaburi ya toba, Miserere, iliyotungwa na padre Gregorio Allegri, ambayo waimbaji wa Baba Mtakatifu waliitunza sana isitoke nje. Wolfgang, mwenye miaka 14, aliisikia, akarudi, akaiandika kwa kuikumbuka. Siku ya Ijumaa Kuu akaenda tena kusahihisha palipokosekana. Leopold alimwandikia mkewe habari hii kwa fahari kubwa. Mwezi wa Julai Baba Mtakatifu Klementi wa 14 alimpa kijana nishani ya Kichokoo cha Dhahabu. Na huko Bologna Padre Martini, Mfransisko aliyekuwa bingwa wa elimu ya muziki, alimfundisha kwa upendo.

Kutengana

Askofu Mkuu Schrattenbach, aliyewapa ruhusa za safari, alikufa mwezi wa Desemba 1771. Aliyemfuata, Askofu Mkuu Colloredo, hakupenda watumishi wake watembee hapa na pale. Mwaka 1777 Wolfgang aliomba kuondoka atafute kazi mahali pengine. Leopold hakuweza kwenda naye, kwa sababu ya kazi yake. Basi akamtuma mama. Kijana alikuwa na miaka 21, na hakupata kusafiri bila baba yake ila safari hii.

Leopold alibaki Salzburg akiandika barua, ndefu na za mara kwa mara, juu ya fedha, juu ya rafiki wabaya, juu ya kukaa bure. Katika barua moja ya mwezi wa Februari 1778 alimkumbusha mwanawe mambo ya utotoni: jinsi alivyokuwa kila usiku akisimama juu ya kiti, akamwimbia baba wimbo wenye maneno aliyoyabuni mwenyewe, akambusu ncha ya pua kabla ya kulala, na jinsi alivyoahidi kwamba baba akizeeka, atamweka ndani ya kisanduku cha kioo, upepo usimpate, akae naye siku zote. Mwenye kusoma barua ile aona upendo, na aona pia kamba. Maana ndiye baba sasa aliyetamani kumweka mwanawe katika kisanduku cha kioo.

Tarehe 3 Julai 1778 mama alikufa Paris. Wolfgang alikuwa naye. Usiku uleule alimwandikia baba kwamba mama ni mgonjwa sana, na akamwandikia padre rafiki wa nyumba yao, akamsihi amtayarishe baba polepole. Leopold alipojua, uchungu wake ulikuwa mkubwa, na katika uchungu ule aliandika maneno ya kumlaumu mwanawe. Jeraha hilo halikupona upesi.

Mwaka 1781, huko Vienna, Wolfgang aliacha utumishi wa Askofu Mkuu kwa ugomvi, akafukuzwa kwa teke na mkubwa mmoja wa nyumba ya Askofu. Baba alimsihi arudi, hakurudi. Tarehe 4 Agosti 1782 alimwoa Constanze Weber, na barua ya baba ya kukubali ilifika baada ya harusi.

Machozi ya mwisho

Mwezi wa Februari 1785 Leopold, mwenye miaka 65, alisafiri katika theluji kwenda kumtembelea mwanawe Vienna. Alifika tarehe 11, na jioni ileile akamsikia akipiga wimbo mpya wa kinanda na vyombo vingi, ambao baba alipofika mwandishi alikuwa angali akiunakili. Siku ya pili Joseph Haydn, mtunzi aliyeheshimiwa kuliko wengine wa wakati ule, alimwambia Leopold mbele za Mungu kwamba mwanawe ndiye mtunzi mkubwa kuliko wote aliowajua. Siku ya tatu walikuwa katika ukumbi mkubwa, na Mfalme Mkuu mwenyewe alikuwapo. Leopold alikaa mahali pazuri aliposikia kila chombo kikijibizana na kingine, na, kama alivyomwandikia Nannerl, machozi yakamlenga kwa furaha.

Machozi hayo yalikuwa yale yale ya siku ya madoa ya wino, na ya siku ya fidla ya pili. Kati yake ilipita miaka 25 ya mashauri, safari, magonjwa, lawama na ukimya. Baba alikuwa amejaribu kumwongoza mwanawe katika kila jambo, na sasa alikaa miongoni mwa watu wengine, hana la kumfundisha, akisikiliza tu.

Aliondoka Vienna mwezi wa Aprili, wala hawakuonana tena. Siku zake za mwisho alimlea Salzburg mtoto mchanga wa Nannerl, aliyeitwa Leopold kama babu yake. Lakini Wolfgang alipoomba baba amtunzie watoto wake ili aende Uingereza, mzee alikataa. Hatutaki kuificha habari hiyo, kwa maana msamaha wa wazee hukamilika kwa shida. Leopold Mozart alikufa tarehe 28 Mei 1787, akazikwa Salzburg katika makaburi ya Mtakatifu Sebastiani. Mwanawe hakuwapo.

Miaka minne baadaye, mwezi wa Juni 1791, Wolfgang alikuwa Baden, karibu na Vienna. Huko alikuwa na rafiki, Anton Stoll, mwalimu wa shule aliyeongoza kwaya ya parokia. Kwa ajili ya mwalimu huyo, kwa sikukuu ya Mwili wa Bwana, alitunga Ave verum corpus, wimbo mfupi wa kumwabudu Yesu katika Sakramenti, ambao waimbaji wa parokia ndogo waweza kujifunza. Aliyepiga mbele ya wafalme aliandika kwa ajili ya mwalimu wa kijijini. Tarehe 5 Desemba mwaka huo akafa, mwenye miaka 35, na Misa ya Wafu aliyokuwa akiitunga haijakwisha. Nannerl aliishi hata mwaka 1829, akifundisha watoto wa Salzburg kinanda.

Wazazi na waalimu wapendwa, katika jubilei hii tunamshukuru Mungu kwa vipawa vyote alivyolipa jimbo letu, na vingi vya hivyo vingali vidogo, vimekaa katika benchi za mbele siku ya Jumapili na miguu haifiki chini. Leopold alifanya vema alipokaa na mtoto usiku, alipoandika, alipofundisha kwa bidii, na alipotambua kwamba kipawa kile hakikutoka kwake. Alikosa kila alipofikiri kwamba alichokilea ni chake. Tumwombee raha ya milele, pamoja na mkewe, na Nannerl, na mwanawe. Na kwaya ya parokia yetu itakapoimba wimbo ule wa Baden mbele ya Sakramenti Takatifu, tumkumbuke pia yule mwalimu aliyekesha kinandani hata saa tatu na nusu ya usiku.